Kidole kwenye picha ya kuku

Nilikuwa napinda sketi ya shule ya mtoto wa watu, pini tatu mdomoni, siku niliyogundua kwamba binti yangu hajui kusoma. Yuko darasa la pili, mwezi wa tano umeshaanza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka miguuni pangu na kitabu chake, anasoma kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi: kuku wa babu ametaga mayai matano, babu amefurahi. Nikamtupia jicho mara moja ili nimpe moyo, nikaona kidole chake. Kidole kilikuwa kwenye picha ya kuku. Maandishi yote yalikuwa ukurasa wa upande wa pili.

"Rudia hapo kwenye mayai," nikamwambia.

Akarudia, neno kwa neno.

"Haya, nionyeshe neno mayai liko wapi."

Akaangalia ukurasa, akaniangalia mimi, akaangalia cherehani kama vile jibu limefichwa kwenye bobini. Kisha akaanza upya kabisa, kuku wa babu, maana katikati hakuwa na mlango wa kuingilia. Ni kama mtu anayejua wimbo wote lakini ukimkatisha beti la pili lazima arudi kichwa cha wimbo.

Nisiwafiche, iliniuma. Daftari lake lilikuwa limejaa vema nyekundu. Na mwalimu wake simlaumu hata kidogo. Darasani wako zaidi ya tisini, na watoto tisini wakisoma kwa pamoja, asiyejua anabebwa na sauti za wenzake kama abiria anayening'inia mlangoni mwa daladala: kiti hana, ila kituoni anafika. Aliyepaswa kuona kile kidole ni mimi niliyekaa naye chumba kimoja.

Nikafanya kosa ambalo nadhani wazazi wengi tunalifanya. Nikageuza nyumba kuwa shule. Nilienda Kariakoo nikanunua ubao mdogo na boksi la chaki, nikaandika ratiba nikaibandika ukutani: saa kumi na moja jioni kusoma, kumi na moja na nusu hesabu, saa kumi na mbili kuandika. Siku ya tatu nikajikuta nimeshika ile rula yangu ndefu ya mbao, na hakukuwa na kitambaa mezani. Sikumpiga, lakini yeye alijuaje kama sitampiga? Machozi yakadondoka kwenye daftari, ba be bi bo bu zote zikachuruzika.

Mama yangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Sisi kwenye ngumbaru hawakutushikia rula," akasema.

Mama ni mtu wa Magu, na utotoni hakukanyaga shule. Kusoma alijifunza akiwa tayari ana mume na mtoto mgongoni, wakati ule mradi wa kisomo cha watu wazima ulipoanza mikoa ya Ziwa mwaka 1968, UNESCO wakiwa nyuma yake, kabla Mwalimu Nyerere hajautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na nchi nzima ikaingia darasani chini ya miembe. Vitabu vya mradi ule havikuanza na babu na kuku wake. Vilifuata kazi ya mahali: kwa wakulima wa pamba pamba, kwa wa migomba migomba, kwa wavuvi samaki, kwa wafugaji ng'ombe. Mama anasema neno la kwanza alilolisoma mwenyewe maishani ni pamba, na namba za kwanza zilizomwingia kichwani ni zile za mizani, maana ukishindwa kuzisoma karani anakuandikia anazotaka yeye. Habari hiyo nimeisikia tangu mdogo, nikiichukulia kama hadithi ya zamani tu. Jioni ile ndiyo nikaisikia vizuri.

Ubao nikauhamishia jikoni. Siku hizi unaandikwa nani anadaiwa nini.

Kesho yake mama akafunga kanga, akamwita mjukuu: "Mke mwenzangu, hebu njoo unisomee hii kanga yangu, macho yamekuwa na ukungu." Uongo mtupu. Macho ya mama yanatunga uzi kwenye sindano usiku wakati umeme umekatika. Lakini mtoto akaja, akapiga magoti nyuma ya bibi yake, akaanza kuvuta maandishi kwa kidole, na safari hii hapakuwa na picha ya kumsaidia. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ilimchukua muda mrefu, bibi kasimama kimya na ungo mkononi.

"Ja-po... si-pa-ti... ta-ma..."

"Tama ni hili hapa," mama akajigusa shavu, kisha akaketi chini, akaegemeza shavu kwenye kiganja kama mfiwa. "Nimeshika tama. Ndiyo imeandikwa hivyo?"

Mtoto akarudi kwenye kanga. Akaziona a mbili. "Ta-maa!"

Miaka yote shuleni nilifundishwa kwamba irabu mbili zinavutwa, na sikumbuki hata siku moja niliyoelezwa kwa nini nijali. Binti yangu alielewa pale pale, kwa sababu a moja ikipotea bibi anageuka mfiwa. Tangu siku ile akiona irabu mbili zimefuatana anazivuta hadi unacheka: kaaa, sauuuti (hii ya pili anakosea, lakini nimemwacha).

Wiki nzima wakasoma kanga za ndani, zikaisha. Akahamia kwenye kamba za majirani. Hapa nawatahadharisha. Kanga ya dukani ni maandishi, ila kanga iliyoanikwa uani inaweza kuwa ni jibu la mtu fulani, na mtoto anayesoma kwa sauti ya kengele hajui fumbo ni la nani. Kuna moja ilibidi nimvute sikio na kumwambia hiyo asome kimoyomoyo.

Baada ya kanga ndipo nikatengeneza mchezo ambao, kama mngeniruhusu kuwapa mmoja tu, ningewapa huo. Kiswahili kina huruma kwa anayejifunza kusoma: kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na ukishazishika silabi hakuna neno litakalokufungia mlango. Tatizo la binti yangu lilikuwa kwamba silabi anazijua kwa wimbo. Ba be bi bo bu anateremka nayo kama ngazi, lakini umwonyeshe bo peke yake, lazima aanzie ba ashuke nayo. Kwa hiyo nikakata boksi la sabuni vipande 25, herufi b, k, l, m na t, kila moja na irabu zake tano. Nikashona kifuko cha mabaki ya kitenge, nikavitia humo. Unaingiza mkono bila kuangalia, unachota vitatu, unavipanga kwa mpangilio vilivyotoka, unasoma, kisha unahukumu: ni neno au si neno?

Mkono wa kwanza ukatoa te-lu-me. Wa pili mi-le-ku. Hayo hajawahi kuyasikia popote, hayako kwenye wimbo wowote, na hakuna mwenzake wa kumbeba. Ilibidi asome. Kaka yake wa darasa la tano, ambaye mwanzoni alisema huo ni mchezo wa watoto, akapiga hesabu kwamba vipande vitatu kutoka 25 vinaweza kupangwa kwa namna 13,800, 25 mara 24 mara 23, halafu naye akakaa kwenye mkeka. Wakagombana juu ya ba-ko-ti. Mdogo anasema si neno, mkubwa anashikilia kwamba ni koti la baba. Jioni moja zikatoka ma na ta, na silabi ya tatu mtamalizia wenyewe, mimi siiandiki. Bibi yao alicheka mpaka akatafuta pa kujishika.

Halafu siku ya nne au ya tano binti akavimwaga vipande vyote chini, akaanza kutafuta. Anapekua, anarudia.

"Unatafuta nini?"

"Mama haiandikiki!"

Kweli. Ma ilikuwa moja tu. Mama haiandikiki, wala kaka, wala kuku, wala lala. Nilitaka kumwambia chukua mkasi nikukatie, nikajizuia. Akaenda mwenyewe kuokota boksi jingine kwa Mangi mwenye duka, akakata seti ya pili, akaiandika kwa chaki yangu ya kuchorea, mwandiko kama nyayo za kuku, bo moja imegeuka do. Zikawa 50. Nadhani alijifunza zaidi kwa kukata zile 25 zake kuliko kwa kucheza na zangu.

Kuandika kulikuja kwa njia ya shida. Nilitoa amri kwamba kitu chochote kisicho chakula wala dawa kinaombwa kwa barua, na barua inachomekwa kwenye kimto changu cha pini. Ya kwanza ilikuja asubuhi ya pili:

MAMA NAOMBA ELA YA KARAMU MBIRI

Ningechukua kalamu nyekundu, sherehe ingeishia hapo. Nikageuza karatasi nikamjibu nyuma: "Karamu mbili ni nyingi mwanangu. Tuanze na moja. Nipike pilau ya watu wangapi?"

Nikaendelea kushona huku namchungulia. Alisimama dirishani midomo inacheza. Pi. La. U. Akaja mbio: "Mama, mimi sijasema pilau!"

"Umesema karamu. Karamu si sherehe?"

Akabaki ananiangalia. Nikamwonyesha ulimi unavyogusa juu na kutulia kwa l, na unavyotetemeka kwa r, tukawa wawili tunatoana ulimi mbele ya mteja aliyekuja kuchukua gauni. Hata sisi wakubwa mtaani hizi herufi mbili zinatupiga chenga, na kuna mabango ya mgahawa nayajua yanauza "wari". Ile ela bila h nikaiacha makusudi. Naamini kosa moja kwa siku linamtosha mtoto wa miaka saba, mengine yana zamu yao. Barua ya tatu au ya nne ndiyo ikaja na hela, na sikusema kitu, nilimpa tu.

Hesabu hazikunipa tabu sana, labda kwa sababu nyumba ya fundi imejaa namba. Nilimpa futi yangu ya zamani, ile iliyofifia, yenye inchi 60 upande mmoja na sentimita upande wa pili, na sharti likawa moja: kabla hujapima, kisia. Mlango? Inchi mia. Bibi? Inchi mia na moja, kwa heshima. Akipima anaona amekosa kwa kiasi gani, na baada ya wiki mbili makisio yake yakaanza kusogea karibu. Lakini kulikuwa na kitu. Kila alichopima kilizidi inchi moja. Sikugundua hadi nilipomtuma apime mto wa kitanda, akaniambia 19, nikakata, nikashona foronya, mto ukawa unaogelea ndani. Kumbe alikuwa anaanzia kwenye 1! Kwake kuhesabu kunaanzia moja, kwa hiyo na kupima kunaanzia moja. Ile nafasi kati ya chuma cha mwanzo na namba 1 aliona ni ya kushikia. Foronya bado tunaitumia, na yeye ndiye anayelala nayo.

Dukani anakwenda na biro. Kabla hajatoka anapiga hesabu ya chenji, anaiandika kiganjani. Elfu mbili, sukari nusu 1,500, kiberiti 150, kiganja kikasema 350. Aliporudi mkononi kulikuwa na 300, na mdomoni kulikuwa na kitu kinagongagonga meno. Mangi hakuwa na hamsini, akampa pipi. Nikamuuliza kama kiganja na mkono vinakubaliana. Akasema havikubaliani. Nikamwambia basi rudi ukadai, akasimama anafikiri, na sote wawili tulikuwa tunajua kwamba ushahidi umeshaliwa. Siku iliyofuata, kabla ya kunyoosha noti, alimwuliza Mangi kwanza kama ana hamsini.

Kuna saa pia, na hili wageni hawalijui. Mtoto wetu anafundishwa kwamba asubuhi anaingia shule saa moja, halafu anaangalia simu inasema 7:00, anaangalia saa ya ukutani mshale mfupi uko kwenye 7. Anaona wakubwa tunasema kitu kimoja na saa zinasema kingine, na tunamtarajia aelewe. Nilipanga vifungo 12 kwa duara kwenye meza, nikaandika namba kando kwa chaki, nikampa uzi. Nikamwambia shika mwanzo wa uzi kwenye 7, upitishe katikati, uone unaangukia wapi. Ukaangukia kwenye 1. Kutoka 8 ukaangukia kwenye 2, kutoka 3 kwenye 9. Alizunguka duara zima peke yake, na alipomaliza akasema kumbe saa ya Kiswahili iko ng'ambo. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Mengine nayataja kwa haraka. Mdako kwa kokoto kumi unafundisha kutoa bila kumwambia mtoto kwamba anatoa. Bao lenyewe ni habari ndefu, lakini kugawa kete tu, 64 kwenye mashimo 32, mbili mbili, ni hesabu tosha; ikibaki moja mkononi kuna shimo limepunjwa. Maharage kwenye pamba yalishindikana, kuku wa jirani aliyala yakiwa na siku mbili. Daftari la kuandika "leo nimefanya nini" lilidumu siku tano, zote zikasema leo nimekula wali. Kivuli kilifaulu nusu: hapa Dar es Salaam, karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linakaa utosini kabisa mnamo saa sita na dakika kumi mchana, na mti uliosimama wima unapoteza kivuli. Tulisimika mti wa fagio uani Jumamosi, kila nusu saa anapima kwa futi, kivuli kinafupika, kinafupika, halafu kikagoma kuisha, kikabaki kama inchi mbili. Tukalilaumu jua. Baadaye kaka yake akaona kwamba fagio limeinama.

Watu wananiuliza kwa nini nisimpeleke tuisheni kama wenzake. Mtoto ametoka shule saa nane, amekaa kwenye dawati na wenzake wanne tangu asubuhi, halafu nimlipie akakae kwenye benchi jingine aimbe tena ba be bi? Labda akifika darasa la sita nitabadilisha maneno. Kwa sasa robo saa kwa siku inatosha, na mara nyingi ninaikatisha mimi, wakati bado anataka.

Mwezi wa kumi na moja mama akataka kumwandikia mdogo wake aliyebaki Magu. Simu ipo, wanaongea kila wiki, lakini alitaka barua, na akataka karani awe mke mwenza wake. Nikatengewa kona yangu, nikaambiwa nisiingilie. Bibi anatamka, mjukuu anaandika, wakifika salamu za ng'ombe mjukuu akakwama.

"Bibi, ng'ombe ina kile kijikoma cha juu?"

"Ukikiondoa unanipa ng'ombe wa aina gani?"

Akajaribu kuisoma bila kijikoma, akacheka peke yake, akakirudisha. Karatasi moja iliwachukua karibu saa nzima. Usiku, kabla ya kuifunga, niliisoma. Salamu zote zilikuwepo, mvua, bei ya mchele, goti la bibi linalouma. Na chini kabisa, mstari ambao bibi hakuutamka: Bibi anasema goti rinauma lakini jana nimemuona anacheza rede.

Sikugusa kitu, hata ile r. Asubuhi barua ikaondoka na dereva wa basi la Mwanza tunayemfahamu. Siku ya nne simu ikalia, mama mdogo yuko hewani, hataki kusikia habari za mvua wala mchele, anataka kujua dada yake ana miaka mingapi hata anaruka ruka barabarani. Mama akakana kila kitu. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, amekunja mikono, anasubiri amalize.